Canon G7 X Mark III au Sony ZV-1: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Kati ya maswali ninayoulizwa sana siku hizi hili ndo linaongoza. Mtu kashajichanga, ana hela ya kamera moja ndogo ya kuweka kwenye mkoba, kazunguka mitandaoni mpaka kabaki na majina mawili tu, Canon G7 X Mark III na Sony ZV-1, na kila akiuliza anajibiwa "chukua Canon rangi zake tamu" au "chukua Sony fokasi yake balaa", anarudi palepale alipoanzia. Na wote waliomjibu wanasema kweli, tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza anaenda kupiga nini.

Kwa hiyo kabla hujasoma chochote kuhusu kamera, fungua picha zilizopo kwenye simu yako. Shuka nazo taratibu mpaka miezi kadhaa nyuma, angalia umekuwa ukipiga nini hasa. Kama zimejaa picha za watu wengine, watoto, marafiki mezani, shangazi kwenye kicheni pati, chakula, jua linazama baharini, basi we ni mtu wa picha hata kama umejiwekea nia ya kuanza chaneli mwezi ujao. Kama zimejaa video zako mwenyewe umeinua simu mbele ya uso unaongea, unaonyesha viatu vya kuuza, unapika huku unaelekeza, we ni mtu wa video. Jibu hilo likae kichwani mana kila ntakachosema huko chini kinarudi hapo.

Tuanze na zinapofanana ili tusipoteze muda. Canon ilitoka 2019, Sony ikaja mwaka uliofuata, 2020. Zote zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inayoitwa ya inchi 1, ambayo kwa kipimo halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8, kama kucha ya kidole gumba hivi. Zote megapikseli 20.1, zote lenzi inaanzia 24mm (namba hii ikiwa ndogo unaona eneo pana, ikikua unasogeza kitu karibu) na f/1.8 (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ndogo ndo mwanga mwingi) na ukivuta mpaka mwisho inafika f/2.8, zote zinarekodi 4K, zote zina kichujio cha kupunguza mwanga humo humo ndani na tundu la maiki la 3.5mm. Uzito ni gramu 304 Canon na gramu 294 Sony, betri na kadi vikiwa ndani. Kwa hiyo mtu akikwambia moja "ina picha kali kuliko nyingine" muulize kali kwa maana gani, mana ukiziweka kwenye mwanga mmoja na kupiga kitu kimoja kilichotulia utapata shida kuzitofautisha, labda kwenye rangi. Rangi kweli zinatofautiana, Canon inaenda kwenye joto kidogo na nyuso zinatoka na uhai bila kuziediti, na mi binafsi kwa picha za watu nazipenda za Canon zaidi.

Je inashinda simu? Mchana kweupe, kwenye kioo cha simu, simu nzuri za sasa zinafanya kazi safi na hautaona tofauti kubwa, nasema hivi ili mtu asiuze kitanda akitegemea maajabu. Tofauti inakuja jioni, inakuja ukivuta kumsogeza mtu karibu, inakuja kwenye flashi, na inakuja kwenye ule ufifiaji wa nyuma ya mtu ambao kamera inaupata kwa lenzi yenyewe, simu inautengeneza kwa programu na mara nyingi inakata nywele na hereni.

Sasa tuje kwenye zinapoachana, na hapa ndo pa kukaa.

La kwanza ni kuvuta. Canon inatoka 24mm mpaka 100mm, Sony inaishia 70mm. Kwenye karatasi inaonekana tofauti ndogo ila nenda kwenye ukumbi wa harusi uelewe. Umekaa meza ya katikati, maharusi wako jukwaani, mbele yako kuna MC, kuna wapiga video wa kukodi na taa zao, hauruhusiwi kusogea. Kwa 70mm unapata maharusi pamoja na viti vya mbele na migongo ya watu, kwa 100mm unapata maharusi. Na kuna jambo jingine kuhusu uso wa mtu: ukimpiga mtu kwa karibu ukiwa kwenye 24mm pua inakua na masikio yanarudi nyuma, ukirudi hatua kadhaa ukavuta mpaka 100mm uso unakaa kama ulivyo na nyuma inafifia vizuri. Mtu wa picha za watu atautumia huo urefu kila siku. Ila kama ndoto yako ni tembo wa Mikumi au simba wa Serengeti, achana na zote mbili kabisa, 100mm kwa mnyama aliye ng'ambo ya mto ni fupi mno. Angalia Sony RX100 VII inayofika 200mm au Panasonic TZ200 inayofika 360mm, nazo ni za mfukoni na sensa ni hiyo hiyo ya inchi 1.

La pili ni flashi. Canon ina kiflashi chake kinachochomoza juu. Sony ZV-1 haina flashi kabisa, haina, nalirudia kwa sababu watu wanakuja kugundua wakishafika nyumbani. Ile staili ya picha za usiku inayopendwa sasa, uso unang'aa mbele na nyuma kuna giza, ndo hiyo flashi ndogo inayoitengeneza, na ndo moja ya sababu vijana wa TikTok na Instagram wameikimbilia G7 X mpaka bei yake ikapaa. Zilipozinduliwa bei zake Marekani zilikaribiana, kama dola 750 Canon na dola 800 Sony, sasa hivi usishangae ukikuta Canon iliyotumika inaulizwa bei kuliko ilivyokuwa mpya. Sony ina reli juu ambayo unaweza kupachika flashi ya nje ndogo, kampuni kama Godox wanazo, ila hapo kamera sio ya mfukoni tena. Na ukipata Canon, flashi yake kwa nyuso zetu inatoka kali, paji la uso na pua vinawaka. Ingia kwenye menyu ipunguze mpaka -1 hivi, utaona ngozi inarudi na rangi yake.

La tatu ni kioo cha nyuma. Cha Canon kinakunjuka kwenda juu ukakiona ukiwa mbele ya kamera. Cha Sony kinafunguka kwenda pembeni kama mlango. Kwa selfi hamna shida yoyote, ila ukitaka kuweka maiki juu ya kamera, kwa Canon maiki itakaa mbele ya kioo chako, tena Canon yenyewe haina reli ya juu ya kupachika hiyo maiki kwa hiyo utahitaji kununua mkono wa chuma wa kufunga chini kwenye tundu la stendi. Sony maiki inakaa juu, kioo kiko pembeni, mambo yanaenda. Upande wa kugusa Canon imeshinda, unagusa menyu nzima kama simu. Kwa Sony kugusa ni kwa ajili ya fokasi na kupiga tu, menyu unazunguka na vitufe na menyu yenyewe ni ndefu, itakuchosha wiki za mwanzo.

La nne ni fokasi ya video na hili ndo linaloamua kwa watu wengi. Canon inatafuta fokasi kwa kulinganisha ukali wa picha, maana yake lenzi inakwenda mbele, inarudi, inapita kidogo, inarudi tena mpaka ipate. Sony ina pointi 315 kwenye sensa zinazojua tangu mwanzo kitu kiko mbele au nyuma ya pale lenzi ilipo, kwa hiyo inaenda moja kwa moja. Kwenye picha ya kawaida hautaona tofauti kubwa, zote ni za haraka. Kwenye video ya mtu anayetembea huku anaongea utaiona, Canon kuna nyakati inashika ukuta wa nyuma uso ukabaki na ukungu, na mbaya zaidi unagundua ukiwa umeshamaliza. Sony ina pia kitufe cha kuonyesha bidhaa, ukikiwasha ukasogeza kopo la losheni mbele ya lenzi inauacha uso inashika kopo, ukiliondoa inarudi usoni, laini kabisa. Dada yeyote anayeuza vipodozi au vyombo mtandaoni akikiona hicho kitufe kikifanya kazi hana haja ya maelezo zaidi.

La tano sauti. Sony ina maiki tatu ndani na kwenye boksi kuna kile kimanyoya cha kuzuia upepo kinachopachikwa juu. Nenda Coco Beach au Forodhani jioni upepo unapovuma, washa Canon bila maiki ya nje, utasikia mvumo mtupu. Sony na manyoya yake angalau maneno yanasikika. Ila kama unarekodi kwa bidii nunua tu maiki ile ya kubana kwenye shati, zipo za bei ya kawaida, na hapo kamera zote mbili zinakuwa sawa. Zote hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo rekodi sekunde kumi, zisikilize, ndo uanze kazi.

Umeme nao unataka maneno yake. Kwa vipimo vya kiwanda Canon inatoa kama picha 235 kwa chaji moja, Sony 260, na kwa video Sony inakaa kama dakika 45 za matumizi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Yaani zote mbili betri ni ndogo na betri ya pili ni lazima. Tofauti iko kwenye kuchaji. Sony inatumia waya wa maikro USB, wa kizamani lakini inakubali pawabanki yoyote, na unaweza kurekodi huku imechomekwa, jambo ambalo kwa mtu anayeishi na umeme wa kukatika ni raha. Canon ina tundu la USB-C, unafurahi unasema hii ya kisasa, ila inachagua, inataka chaja au pawabanki yenye nguvu ya aina ya PD, ukiichomeka kwenye pawabanki ya kawaida inakutazama tu. Muulize pia muuzaji kama ndani ya boksi kuna chaja ya ukutani au waya peke yake.

Na joto. Hizi ni bodi ndogo, 4K inazichemsha, na Dar ya Januari hata feni haisaidii. Canon kwenye 4K inakata klipu ikifika dakika 9 na sekunde 59, kwenye ile ya chini yake ya 1080 inakata dakika 29 na sekunde 59. Kwa anayerekodi mahubiri au mhadhara mrefu hiyo ni shida. Sony haikati kwa muda, inaendelea mpaka betri, kadi au joto liikatishe, na kuna sehemu kwenye menyu ya kuiruhusu ivumilie joto zaidi kabla ya kujizima, iweke juu siku ya kwanza ukiinunua. Lakini kusema ukweli kwa video za kuposti mi nashauri 1080 tu. 4K ya Sony kwenye kiwango cha juu inakula kama MB 750 kwa dakika, Canon kama MB 900, kadi ya GB 64 inaisha kwa saa moja na kidogo, alafu hiyo mizigo unaipandisha kwa bando gani.

Mpaka hapa unaanza kuona picha. Mtu wa sherehe, marafiki, familia, safari za mjini, picha za usiku, anayetaka kupiga na kuposti bila kuediti, achukue Canon na asiangalie nyuma. Mtu anayeongea mbele ya kamera, anayefundisha, anayeuza bidhaa, anayejirekodi peke yake bila wa kumshikia, achukue Sony. Aliye katikati kabisa, nusu kwa nusu, mi namwambia achukue Sony kisha atafute taa ndogo ya kupachika juu, kwa sababu picha iliyokosa flashi mara nyingi inaokoleka ila video ambayo uso una ukungu dakika nzima haina dawa. Najua kuna watakaobisha kwa ajili ya ile 100mm, wana haki, ila huo ndo msimamo wangu.

Namna ya kuzijaribu dukani

Usinunue kwa kuangalia boksi. Iwe Kariakoo, iwe Luthuli pale Nairobi, mwambie muuzaji kwa upole "bosi wangu naomba uniwashie zote mbili, nimekuja na kadi yangu". Kadi ya SD njoo nayo kweli, mana ukirekodi kwenye kadi yako unaenda kuangalia kwenye kompyuta nyumbani kabla ya kurudi kulipa. Muuzaji mzuri hatakataa, na anayekataa kukuwashia kamera ya hela nyingi namna hiyo, mshukuru uondoke.

Fanya hivi. Weka kamera kwenye video, igeuze ikuangalie, nyoosha mkono, hesabu moja mpaka kumi huku unasogea nyuma na mbele, kisha chukua simu yako iweke mbele ya lenzi, hesabu mpaka tano, iondoe. Fanya hivyo kwa zote mbili mahali pamoja. Hapo utaona pia kama mkono wako unatosha, kwa sababu 24mm ukiwasha ile hali ya kutuliza mtikisiko ya Sony picha inakatwa pembeni na uso wako unajaa kioo kizima, wenye mikono mifupi inawasumbua, suluhisho ni kijiti. Kisha toka mlangoni, piga mtu aliye ng'ambo ya barabara ukiwa umevuta mwisho. Kisha rudi ndani kwenye kona yenye giza, chini ya meza hata, piga bila flashi, na kwa Canon piga na flashi. Mwishowe zitie mfukoni moja moja, tembea nazo, zitoe haraka uwashe kwa mkono mmoja. Kamera ambayo mkono wako umeikubali ndo utakayotoka nayo nyumbani.

Kama unanunua iliyotumika

Hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia kwa hiyo twende polepole.

Majina kwanza. ZV-1F sio ZV-1. Ile F ya 2022 lenzi yake ni moja tu ya 20mm, haivuti, na fokasi yake haina zile pointi 315, ni bei nafuu kwa sababu hizo. ZV-1 II ya 2023 ni nyingine tena, lenzi yake ni pana, 18 mpaka 50mm, nzuri kwa kujirekodi ila lenzi haina kitulizo cha mtikisiko. Kwa upande wa Canon, G7 X Mark II ya 2016 kwa sura inafanana sana na Mark III, lakini Mark II haina 4K na haina tundu la maiki. Kwa picha tupu Mark II bado ni kamera ya maana sana na inaweza kukuokolea hela, ilimradi ulipe bei ya Mark II na sio ya III. Soma jina kwenye bodi yenyewe, usisome tangazo.

Kamera zilizotoka Japani zimejaa sokoni na nyingi zimetunzwa vizuri. Ila Sony nyingi zinazouzwa ndani ya Japani menyu yake ni Kijapani peke yake, hamna pa kubadili. Fungua menyu, tafuta lugha, hakikisha Kiingereza kipo kabla ya kutoa hata shilingi. Ukiwa humo humo tafuta pa kuchagua PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya kurekodi video, nitaeleza kwa nini.

Lenzi za kamera hizi zinatoka na kuingia kila ukiwasha, na zikitoka zinavuta hewa pamoja na vumbi. Vumbi likikaa kwenye sensa hauwezi kulifuta kwa kitambaa, inabidi fundi aifungue kamera. Jaribio lake ni rahisi: weka kamera kwenye hali ya kuchagua mwenyewe ukubwa wa tundu la lenzi, peleka f/11, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga, piga picha, ikuze kwenye kioo uizungushe kona zote. Ukiona madoa meusi yaliyofifia yanayobaki palepale kila picha, hilo ni vumbi, ama ushushe bei kwa kiasi cha fundi ama uiache. Kisha iwashe na kuizima mara kadhaa ukiwa umeisogeza sikioni. Lenzi nzima inatoka kwa sauti moja laini. Ukisikia inakwaruza, inasita, au ikileta ujumbe wa hitilafu ya lenzi, irudishe mezani hata kama bei ni ya chee, hiyo ni kamera iliyoanguka au iliyokula mchanga. Angalia na vile vifuniko vidogo mbele ya lenzi kama vinafunguka vyote. Fungua mlango wa betri, kama betri imevimba na haitoki kirahisi kuna maswali ya kuuliza. Chomeka maiki uone kama tundu linashika. Linganisha namba ya bodi na namba ya boksi, na risiti iwe na jina la duka.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Umeshanunua, sasa usiipige kama ilivyotoka kiwandani.

Umeme wetu ni wa 50Hz, Tanzania, Kenya, Uganda wote hivyo. Taa nyingi za kumbini zinawaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaiona, ndo ile mistari myeusi inayopanda kwenye video za ukumbini. Weka kamera kwenye PAL, mfumo unaoendana na 50Hz, rekodi picha 25 au 50 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari mingi itaondoka. Kama kamera yako haina pa kuweka PAL, bado shata ya 1/50 au 1/100 inasaidia. Kuna taa za rangi za madijei ambazo hazisikii dawa yoyote, hizo hama upande.

Mchana 1/50 hiyo hiyo kwenye f/1.8 itakuunguzia picha yote iwe nyeupe. Hapo washa kile kichujio cha ndani, kinakata mwanga mara nane, yaani pale ambapo ungelazimika kwenda shata 1/400 unabaki 1/50 na mwendo wa watu unaonekana wa asili.

Na hili la ngozi naomba ulisome vizuri kwa sababu linatuhusu sisi. Kamera inapima mwanga wa picha nzima na kutaka kuifanya iwe ya wastani. Bi harusi amevaa nguo nyeupe, nyuma kuna mapambo meupe, kamera inaona weupe mwingi inashusha mwanga, gauni linatoka zuri na uso wa bi harusi mweusi tii, macho hayaonekani. Sio kosa la ngozi ya mtu, ni kipimo ndo kimedanganyika. Ongeza mwanga kwa +0.7 mpaka +1. Kwenye Canon kuna gurudumu lake juu kabisa, unazungusha bila kuingia menyu, kwenye Sony unabonyeza chini ya lile gurudumu la nyuma. Sony pia ina kipimo kinachofuata uso, kiwashe, ni cha maana sana ukitoka ndani kwenda nje huku unarekodi. Kile cha kulainisha ngozi zima, ngozi yetu ikilainishwa inapoteza mng'ao wake na mtu anabaki kama mdoli.

Betri ya pili tafuta ya jina linaloeleweka, NP-BX1 kwa Sony, NB-13L kwa Canon. Zile za bei ya kutupa zinavimba zikikwamia humo ndani na kuzitoa ni kazi. Kadi chukua yenye alama ya V30 au U3, kaifomati ndani ya kamera yenyewe na sio kwenye kompyuta. Kwa Sony jua kwamba tundu la stendi liko karibu na mlango wa betri, ukifunga bamba la stendi mlango haufunguki, kwa hiyo badilisha betri kabla hujaipandisha. Na zote mbili hazizuii maji wala mchanga, ukienda ufukweni ibaki kwenye mfuko uliofungwa mpaka unapopiga, ukirudi ifute chumvi kwa kitambaa kikavu kabla hujaizima, wakati lenzi bado iko nje.